KITABU KIMOJA, DARASA ZIMA: STORI YA KAUNTA YA RIZAVU

Kwenye mpira, mchezaji wa akiba anakaa benchi akisubiri mwenzake achoke au aumie. Maktaba ya chuo ni kinyume chake. Kitabu kikiwekwa akiba maana yake ndicho kinachotafutwa kuliko vyote, kinacheza dakika zote 90 na hakuna wa kukipumzisha. Wanafunzi wanaiita rizavu. Ni ile kaunta yenye mkutubi amekaa mbele ya shelfu ambazo mwanafunzi haruhusiwi kuzigusa. Unataja kozi, unataja kitabu, unaacha kitambulisho, unasaini, unapewa masaa mawili. Ukichelewa kuna faini, na faini ya rizavu mara nyingi inahesabiwa kwa saa, siyo kwa siku.

Wengi wakiingia mwaka wa kwanza wanaona huo ni unoko tu. Kitabu kipo, unakiona kwa macho, kwanini usikibebe ukakae nacho kwenye kimbweta au ukasome kitandani umejinyoosha? Jibu liko kwenye hesabu, tena hesabu ya shule ya msingi.

Chukulia kozi ina wanafunzi 300 na maktaba ina nakala 4 za kitabu. Zikiazimwa kwa utaratibu wa kawaida wa wiki mbili mbili, muhula wa wiki 15 unatoa zamu 7 kwa kila nakala. Zidisha mara 4, unapata watu 28. Yaani muhula mzima watu 28 ndio wamekishika kitabu, 272 wamekisikia kwa jirani. Sasa chukua nakala hizo hizo 4, ziweke rizavu kwa masaa mawili mawili. Maktaba ifunguliwe saa 2 asubuhi, ifungwe saa 4 usiku. Hayo ni masaa 14, zamu 7, mara nakala 4, watu 28. Kwa SIKU MOJA. Kwa siku 11 darasa zima limepita. Vitabu ni vile vile na chuo hakijaongeza hata mia. Kilichogawanywa ni muda.

Utaratibu huu wala sio wa jana. Chuo cha Harvard kule Marekani kilikuwa kinawatengea wanafunzi vitabu vya kozi tangu miaka ya 1870, walimu walipoanza kuwaagiza vijana wakasome vitabu vingi badala ya kukariri kimoja. Justin Winsor, aliyekuwa mkutubi mkuu pale kuanzia mwaka 1877, akaupanua zaidi. Shida iliyowasukuma wale ndiyo hii hii ya leo: mwalimu mmoja anasema "kasomeni sura ya nne", na wiki hiyo hiyo darasa zima linaikimbilia sura ya nne.

Na usidhani jengo kubwa linamaliza tatizo. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kuzinduliwa Novemba 2018, ina nafasi ya vitabu 800,000 na inakalisha wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni bonge la jengo, kila mtu kashapiga picha pale. Lakini viti 2,100 haviwezi kugeuza nakala moja ikawa mbili. Foleni ya kitabu kimoja inabaki foleni ya kitabu kimoja, kuwe na kiyoyozi kusiwe na kiyoyozi.

Sasa, kwenye chuo kimoja hapa nchini, kaunta kama hiyo nusura imuondoe dada mmoja masomoni. Wala hakuwa ameiba kitu.

Dada huyu alikuwa mwaka wa pili, katokea Newala. Bodi ya Mikopo ilimpa asilimia, sio mkopo kamili. Ndani ya mkopo kuna fungu la vitabu na viandikio, hilo kila mwanachuo analijua, na kila mwanachuo anajua pia linakoishia. Bumu likitoka, kuna kodi ya chumba alichopanga na wenzake wawili, kuna madeni ya kipindi bumu lilipochelewa, kuna mdogo wake wa kidato cha tatu anayeomba hela ya mchango. Kitabu kinaingia mwisho wa foleni na hela inaishia katikati. Ili asogeze siku alikuwa anakaa kwenye kibanda cha wakala wa pesa stendi, kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 2 usiku.

Kwa ratiba hiyo, rizavu ya mchana alikuwa akiiona kwa mbali tu. Asubuhi ana vipindi, mchana ana semina, jioni yuko kibandani. Iliyobaki ni ya usiku. Kwa wasioijua, ikifika saa moja kabla ya kufunga, vitabu vya rizavu vinaruhusiwa kulala nje. Unachukua saa 3 usiku, unarudisha asubuhi maktaba inapofunguliwa. Ni kwa kazi hiyo tu kwamba mtu anayefanya kibarua naye anaweza kusoma kitabu kile kile anachosoma mwenye nafasi ya kukaa maktaba kutwa. Kwake yeye ule usiku mmoja ulikuwa ndio chuo chenyewe.

Kozi iliyokuwa inamtesa ni historia ya uchumi wa Tanzania. Mwalimu wake ni Dokta mmoja mtu mzima, kabakiza miaka michache astaafu, na ana vitabu ambavyo maktaba haina. Sababu ni hii: miaka ya 1970 Dar es Salaam palikuwa panachapwa vitabu vizito. Kile cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoididimiza Afrika kilitoka mwaka 1972, na Tanzania Publishing House ya hapa hapa mjini ilikuwa miongoni mwa wachapishaji wake, kipindi Rodney akifundisha Mlimani. Cha Rodney kinachapwa mpaka leo, ukikitafuta unakipata. Lakini vingine vingi vya wakati ule vilichapwa mara moja vikaisha. Mtandaoni havipo, dukani havipo, maktaba kulikuwa na nakala moja ikapotea zamani.

Dokta alikuwa na kimoja cha namna hiyo, kinahusu vijiji vya ujamaa, amekinunua akiwa kijana. Ukurasa wa kwanza kaandika jina lake na mwaka. Pembeni kuna wino wake wa bluu, mahali anakubali, mahali anapinga, mahali ameweka alama ya kuuliza kubwa. Kila muhula unapoanza alikuwa anajaza fomu pale maktaba na kukabidhi vitabu vyake 11, hicho kikiwemo, viwekwe rizavu. Maktaba inabandika lebo kwamba ni mali ya mwalimu, muhula ukiisha anarudishiwa. Halipwi chochote. Wenzake walikuwa wanamcheka, kwamba Dokta unawapa hawa watoto vitu ambavyo wewe mwenyewe huwezi kuvipata tena. Jibu lake lilikuwa moja, kwamba kitabu kikikaa sebuleni kwake kinasomwa na mende.

Wiki mbili kabla ya mtihani, sura ya nne ya kitabu hicho ikawa moto. Kila mtu alijua swali litatoka humo. Na hapo ndipo ulipoanza mchezo wa kupokezana kijiti. Vijana watano wanaoishi hosteli za ndani walijipanga: wa kwanza anachukua saa 2 asubuhi, akirudisha saa 4 mwenzake kashasimama kaunta, naye akirudisha wa tatu yupo. Kisheria hakuna kosa, kila mtu kachukua masaa yake mawili. Kiukweli kitabu hakikutoka nje ya meza yao siku nzima. Wengine wakija wanaambiwa kimetoka.

Mama wa kaunta aliuona mchezo siku ya pili. Ni mtu mzima, wanafunzi wote wanamwamkia shikamoo mama kabla ya kutaja kitabu. Akaanzisha karatasi ya foleni kwa mkono wake, ukitaka kitabu unaandika jina, na meza moja haiandiki majina mawili yanayofuatana. Vijana wakanuna. Lakini foleni ikaanza kutembea, na siku ya sita jina la yule dada likafika kwenye zamu ya usiku.

Alifika kaunta anahema, katoka kibandani anakimbia. Akasaini, akakitia kwenye mkoba, akapanda daladala. Nyumbani akasubiri wenzake walale, akawasha taa ndogo, akafungua sura ya nne. Haikuwepo. Kurasa zinatoka mwisho wa sura ya tatu zinarukia mwanzo wa sura ya tano. Katikati zimebaki ncha nyembamba za karatasi zilizonyooka, kazi ya wembe. Karatasi 17, kurasa 34.

Mwenzake mmoja aliamka akamkuta amekaa na kitabu mapajani, akamwambia neno ambalo watu wengi wangemwambia. "Rudisha kimya kimya. Mama yule hahesabu kurasa. Ukisema, wewe ndo uliyelala nacho." Na alikuwa anasema kweli. Kwenye daftari jina la mwisho lilikuwa lake. Kukata kitabu cha maktaba ni kosa la kinidhamu, unaweza kusimamishwa masomo, na ukisimamishwa mkopo nao unasimama. Kwa mtu wa asilimia, mkopo ukisimama ni safari ya Newala.

Asubuhi saa 2 alikuwa mlangoni kabla maktaba haijafunguliwa. Akakiweka kitabu juu ya kaunta kikiwa wazi pale pale palipokatwa. "Shikamoo mama. Hiki nimekikuta hivi."

Mama hakupiga kelele. Alivaa miwani, akakigeuza geuza, akauliza swali moja tu. "Ulikikagua kabla hujasaini?" Dada akasema hapana. Mama akashusha pumzi, maana hapo ndipo penye msumari. Sheria ya kaunta imebandikwa ukutani siku zote na hakuna anayeisoma: aliyesaini ndiye mwenye mzigo mpaka atakayesaini baada yake.

Faili likaandikwa. Likapelekwa kwa wakubwa. Dada akaitwa kwenye kamati, watu wanne na jagi la maji, akaelezea. Wakamwambia matokeo yake yatazuiwa mpaka suala liishe. Mtihani akaufanya hivyo hivyo, bila sura ya nne, kichwa kimejaa kamati.

Kilichomuokoa ni kitu cha kuchekesha ukikiangalia juu juu. Mama wa kaunta alikaa na kile kitabu, akakipitia ukurasa kwa ukurasa. Mwanzoni mwa sura ya tano, pembeni, kwa penseli hafifu, akakuta mtu kaandika: "Wadau sura ya 4 iko wapi??" Mwandiko sio wa dada, kamati ililinganisha na sahihi na karatasi zake. Yaani kuna mtu kabla yake alikifungua, akaona kimekatwa, akatoa kalamu akauliza kitabu, halafu akakirudisha kaunta akaondoka zake.

Hapo ndipo penye uzito wa stori hii. Aliyekata ni mtu mmoja. Lakini aliyeandika kwa penseli naye alijua. Na kama kitabu kilikatwa siku tatu kabla, basi kuna wengine kadhaa walioshika, wakaona, wakanyamaza. Kila mmoja alifanya hesabu ile ile aliyoambiwa dada usiku: nikisema itakuwa mimi. Wote wakausukuma mzigo mbele, mpaka ukamfikia mtu aliyekuwa na usiku mmoja tu wa kusoma.

Na hasara ya kukata haiishii kwenye karatasi. Nakala moja kwenye rizavu inahudumia watu 7 kwa mchana na mmoja kwa usiku. Kwa siku 10 za mwisho kabla ya mtihani hizo ni nafasi 80. Mtu mwenye wembe anadhani kachukua kurasa 34 za Dokta, Dokta mwenyewe anazijua kwa kichwa. Alichochukua ni masaa ya wenzake 80 ambao hata sura zao hakuziona.

Kamati ikamfutia dada kosa la kukata. Lile la kusaini bila kukagua likabaki, na ilibidi alipie. Dokta akasema kitabu ni changu, deni nimelisamehe. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: akaja na begi, akachukua vitabu vyake vyote 11, akaondoka navyo. Zilikuwa zimebaki siku nne mtihani wa kozi yake nyingine ufanyike, nayo ilikuwa inategemea vitabu vile vile.

Darasa likachemka. Lakini hasira haikwenda kwa aliyekata, maana hajulikani. Ilikwenda kwa aliyesema. Kwenye grupu la WhatsApp la darasa kuna mtu akaandika kwamba kuna watu wangejifanya hawajaona sasa hivi wote tungekuwa tunasoma. Dada akasoma, akazima data. Matokeo yalipotoka, kozi ya Dokta ilikuwa na sapu. Akaifanya kipindi wenzake wako likizo, akapata C, maana ukishafanya sapu hata ukijibu kama profesa huvuki hapo. Ile C bado ipo kwenye cheti chake, haifutiki.

Wakati wa likizo hiyo hiyo, kwenye sanduku la kurudishia vitabu nje ya maktaba, Mama wa kaunta alikuta bahasha ya kaki haina jina. Ndani karatasi 17, zimepangwa vizuri, pembeni wino wa bluu. Hakuna barua, kuna neno moja tu nyuma ya bahasha: "Samahani." Mpaka leo hakuna aliyetajwa. Dada ana hisia zake, kuna kaka mmoja kati ya wale watano ambaye tangu siku hizo akikutana naye anamsalimia mara mbili mbili. Lakini hisia sio ushahidi, na yeye kashawahi kujua jina lako kukaa mwisho wa daftari kunavyouma, kwa hiyo kanyamaza.

Mama alizipeleka kurasa kwa fundi wa kujalidi, zikarudi mahali pake. Halafu akampigia Dokta. Hawakuongea sana. Dokta alikuja akakaa na kile kitabu kama nusu saa, akapitisha kidole kwenye ule mshono, akauliza utaratibu gani unaweza kufanyika ili kisikatwe tena. Na hapa kuna kitu ambacho walimu wengi na wanafunzi wengi hawakijui. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikatazi kila kopi. Inaacha nafasi kwa maktaba na taasisi za elimu kutoa nakala kwa mahitaji ya kazi zao, bila kuigeuza biashara. Kutoa kopi ya sura moja ikae rizavu ni tofauti kabisa na kutoa kopi kitabu kizima na kukiuza kwenye steshenari ya getini. Basi sura ya nne ikatolewa kopi 4, kila moja ikajalidiwa na gamba gumu, zikawekwa rizavu. Kile kitabu chenyewe kikaenda chumba cha makusanyo maalumu, unakisomea pale pale mbele ya msimamizi. Vile vingine 10 vikarudi kaunta.

Hapa kuna watakaosema, siku hizi nani anasoma karatasi, wapeni PDF. Ni hoja. Rizavu ya kielektroniki ipo, mwalimu anaweka viungo na sura zake kwenye mfumo kama Moodle, mwanafunzi anafungua kwa simu. Na vitu vya bure vipo vingi kuliko watu wanavyodhani. Research4Life inafungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisayansi bure au kwa ada ndogo, ilianza na HINARI ya afya mwaka 2002. COTUL, umoja wa maktaba za vyuo na taasisi za utafiti Tanzania, unalipia usajili wa majarida kwa pamoja ili chuo kidogo kisibebe gharama peke yake. Mwanafunzi anayelipia bando kusoma blogu za udaku anaweza kuwa anapita juu ya hazina bila kujua, aende tu kwa mkutubi akaombe kuonyeshwa.

Lakini PDF haijaondoa kaunta. Vitabu vile vya miaka ya 1970 havimo humo. Vingine vimefungwa kwamba asome mtu mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo foleni imehamia kwenye kioo. Na kusoma kurasa 34 kwenye simu iliyopasuka kioo, bando la MB kadhaa, umeme umekatika, aliyewahi kufanya anajua. Kaunta bado ipo na itakuwepo.

Cha kujifunza ni kwamba rizavu ni mchango. Watu wanaichukulia kama duka la maktaba, ukikosa unalalamika, ukipata unaondoka. Mwalimu asipopeleka orodha mapema, mkutubi hana wa kumuwekea nini. Orodha ikifika wiki ya tano ya muhula, vitabu vimeshaazimwa na wajanja wa wiki ya kwanza, vimelala chini ya vitanda. Mwanafunzi naye ana cha kutoa. Wanaomaliza mwaka wa tatu wana vitabu walivyonunua kwa wauza mitumba, vinaishia kufungia vitumbua. Kuna ambao wana mitihani ya nyuma, ripoti nzuri za mafunzo ya vitendo, kopi za sura walizolipia wenyewe. Peleka kaunta, uliza kama wanapokea. Kitabu kimoja tu ukikiacha pale, tumeshaona hesabu: ni watu 8 kwa siku.

Dada wa Newala alipomaliza alikuwa na vitabu vitatu vya kwake, vyote vya mtumba. Jamaa mmoja alimpa bei nzuri tu kwa vyote, na hela alikuwa anaihitaji. Akauza viwili. Cha tatu, kinahusu kilimo cha Kusini na korosho, alikipeleka kwa Mama wa kaunta, akajaza fomu ile ile aliyokuwa anajaza Dokta. Kwenye nafasi ya jina la mtoaji akaweka mstari.

Yule Mama bado yupo. Kabadilisha kitu kimoja tu kwenye kazi yake. Zamani alikuwa anakusukumia daftari kwanza usaini ndipo akupe kitabu. Siku hizi anakupa kitabu kwanza, daftari analikalia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikunja uso kwamba anachelewa, foleni ndefu, Mama anamwangalia juu ya miwani. "Fungua mwanangu. Pitia kurasa zote. Ukikuta kasoro sema sasa hivi, hapa hutaandikwa wewe, itaandikwa kasoro."

Na foleni yote inasubiri, ukurasa unageuzwa.

Je chuoni kwenu ikoje? Kaunta ya rizavu ipo na inafanya kazi, au wembe umeshamaliza?